Mtu wa Swichi

Magazeti yaliandika kichwa chake.
Yalikipima hata kipaji cha uso, yakasema
Irja Haapala wa Duluth kazaliwa na maktaba ndani.
Sawa. Michezo ishirini na mitatu mfululizo si mchezo.
Lakini hakuna aliyekuja kuniuliza mimi,
Nestor, mtu wa swichi.

Kazi yangu ni hii: mtangazaji Whitcomb anasoma swali,
anafika herufi ya mwisho, mimi nabonyeza.
Kabla sijabonyeza, vitufe vya washindani ni plastiki tu.
Anayewahi anafungiwa robo ya sekunde,
na kwa robo ya sekunde humu ndani
nimeona mtu akipoteza nyumba.

Tunarekodi vipindi vitano kwa siku, hapa Burbank,
kwa hiyo Ijumaa yenu ni Jumanne yetu jioni.
Alikuja na blauzi tano kwenye hanga
na mikono ya mpima damu wa zamu ya usiku,
mikavu kwa sabuni.

Wengine huupanda ubao kama ngazi,
dola mia, mia mbili, polepole, wasiteguke.
Yeye alianzia chini kabisa, kwenye elfu,
kama mtoto anayemaliza nyama kabla ya wali,
kisha akaruka: kutoka Mito kwenda Mapapa,
kutoka Mapapa kwenda Mikate ya Ulaya,
wenzake wakabaki wanaogelea mtoni.
Dau lake halikuishia na sifuri kamwe.
"Elfu nne mia saba kumi na tatu," husema,
kwa sauti ya mtu anayeagiza dawa ya kikohozi.
Na asipojua, alinyamaza.
Nimeona wasomi wakifilisika
kwa kushindwa kunyamaza.

Hayo yote mliyaona.

Kiti changu kilikuwa kikongwe kuliko kipindi chenyewe.
Kabla ya kubonyeza mimi huegemea mbele, kidogo,
na kiti hulia: nyii.
Maikrofoni haziinasi. Whitcomb hasikii,
sikio lake la upande huu lilikufa jeshini.
Mchezo wa sita ndipo nilipoona:
wenzake wamezikodolea taa macho,
yeye anatazama viatu vyake,
shingo imeinamia gizani, upande wangu,
na kidole gumba kinashuka
pamoja na nyii yangu, kama pacha wake.

Kopo la mafuta lilikuwa kwenye droo.
Nililitoa. Nikalirudisha.
Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya meza hii,
hajatokea mtu wa kunisikiliza.

Au labda najisifu.
Labda ni maabara tu iliyomfundisha kusubiri tone lidondoke.
Nilijiambia hivyo mchezo wa kumi, wa kumi na tano,
nikinywa chai yangu ya tangawizi,
nikichunga nisijitikise kabla ya wakati.
Haki ni haki: kiti kililia kwa wote watatu.
Aliyesikia ni mmoja.

Siku ya tano, baada ya mchezo wa tatu, tukaenda kula.
Tuliporudi, watu wa stoo walikuwa wameleta viti vipya,
vyeusi, vya magurudumu, bubu kama samaki.

Whitcomb akamaliza. Nikaegemea. Kimya.
Kidole kikachelewa.
Swali jingine, kikawahi, akafungiwa.
Kikachelewa tena.
Mfuga nyuki wa Baton Rouge, kijana wa shati la mistari,
akachukua Mito, akachukua Mapapa,
akachukua hata Magonjwa ya Damu.

Alimpa kijana mkono, akamcheka vizuri, bila sumu.
Makofi. Taa zikazimwa moja moja.
Akapita mbele ya meza yangu na hanga zake,
blauzi ya manjano haijavaliwa bado.
Akasimama.
Sikujua kama aliwahi kuiona sura yangu.
"Kile kiti," akasema, "wamekipeleka wapi?"

Nikamwonyesha mlango wa nyuma, penye mapipa.
Akaenda, akakikalia na koti lake zuri,
akaegemea mbele, kidogo.